Baba Mkwe na Boksi la Kijani

Kama wiki iliyopita ulikosa gazeti, hukukosa raha, maana raha mimi sina. Duka la magodoro lilinitimua siku mteja aliponikuta nakoroma juu ya godoro alilokuja kulinunua. Mwenye nyumba naye akatia kufuli lake juu ya kufuli letu. Mimi na mke wangu tukabeba masanduku, tukahamia kwa wazazi wake, tukapewa chumba cha cherehani. Tukawa tunalala miguu ikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Mwanamume mzima kulala ukweni! Aliyewahi kulala huko hahitaji kuelezwa. Ambaye hajawahi, aombe yasimkute.

Baba mkwe ni fundi cherehani mstaafu, mzee mpole mwenye sharubu nyeupe na ugonjwa wa sukari. Mama mkwe ni muuguzi mstaafu, ingawa kustaafu kwenyewe ni kwa karatasi tu. Nyumba ile ni wodi. Asubuhi mzee anawekewa yai la kuchemsha, kipande cha mkate mkavu na chai isiyo na chochote. Anayepika ni mke wangu. Mama husimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, mpaka yai liishe.

"Tafuna, mzee. Usimeze kama bata."

"Natafuna, mama."

Mimi nilikuwa natazama sahani yangu tu. Ukweni macho hayatembei ovyo.

Mungu si Athumani, nikapata kazi. Mgahawa wa vyakula vya haraka wa pale mkabala na kituo cha mafuta ulikuwa unatafuta watu wa zamu ya asubuhi. Nikapewa aproni, kofia ya karatasi na kazi ya kupanga maboksi ya kifungua kinywa.

Maboksi yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Jekundu lilikuwa na mayai ya kukaanga, soseji na viazi vinavyochuruzika mafuta. La kijani, lenye picha ya jani na jua linalocheka, lilikuwa na kikombe cha mtindi wenye nafaka za kuoka, mkate wa kahawia uliopakwa asali, na chupa ya juisi ya matunda. Jekundu la walafi, la kijani la wanaojipenda. Ndivyo alivyotufundisha meneja, ambaye jikoni tulimwita Tabasamu, kwa sababu alitaka tutabasamu hata tukiungua vidole.

Tabasamu alikuwa na sheria moja aliyoichukulia kama amri ya mbinguni. Mbele ya mteja, neno sukari halitamkwi.

"Mteja akiuliza kama boksi la kijani lina sukari, unajibuje?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Namwambia ndiyo au hapana?"

"Unamwambia lina utamu wa asili. Sema."

"Lina utamu wa asili."

"Tabasamu."

"Lina utamu wa asili," nikasema, meno yote nje.

Aliyeteleza akasema sukari alipelekwa kuosha masufuria ya mafuta. Mimi nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha chooni mpaka ulimi ukazoea. Jibu nililishika vizuri mno, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Asubuhi moja nainua kichwa kaunta, namwona nani? Baba mkwe. Kavaa koti lake la safari fupi, anaangalia nyuma kabla ya kuangalia mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita tu." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Mwanangu, mimi nina njaa."

"Si umetoka kunywa chai nyumbani?"

"Ile ni chai? Ile ni adhabu. Hebu niambie, hilo boksi lenye jani lina sukari?"

Wasomaji wangu, sikufikiria. Ulimi ulishafundishwa, ukakimbia peke yake.

"Lina utamu wa asili, baba."

"Mgonjwa kama mimi anaruhusiwa?"

"Hili ni la afya, baba. Ni kama dawa."

Nilisema vile huku natabasamu. Na naapa niliamini, maana picha ya jani ilikuwa kubwa, na mimi si mtu wa kubishana na picha.

Mzee akakaa pembeni, akala. Alipofika kwenye mtindi akafumba macho. Alipomaliza akakwangua kikombe mpaka kikalia.

"Mama yako asijue," akaniambia akipangusa sharubu.

"Kwani kuna ubaya, baba? Si ni dawa?"

"Ndiyo hasa. Yule mwanamke hataki nimeze dawa isiyopita mkononi mwake. Apa hutamwambia, wala mke wako."

Nikaapa. Ningefanyaje? Katika nyumba ile mzee ndiye aliyenipokea kwa moyo mweupe. Aliniachia taulo lake, akanifundisha kiti gani kinayumba, akanitetea siku nilipovunja birika. Mtu kama huyo akikuambia apa, unaapa.

Kuanzia hapo akawa mteja wa kila siku. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu.

"Mzee siku hizi anajipenda!" mama mkwe akawa anasifu. "Mwaka mzima nimemwimbia mazoezi hasikii. Sasa kila asubuhi anatoka mwenyewe."

Mimi nikawa naitazama dari.

Ikaja siku ya kliniki. Mama na mzee walikwenda wawili, wakarudi wawili, lakini aliyeingia ndani alikuwa mama peke yake. Mzee alibaki barazani kama mtoto aliyekosa.

"Sukari imepanda," mama akatangaza. "Imepanda sana."

Mke wangu aliweka kisu chini. "Imepandaje, mama?"

"Wewe ndiye unayepika. Niambie wewe."

"Nafuata kila ulichoniambia!"

"Sukari haipandi kwa upepo, binti yangu. Kuna mkono unaomwonea baba yako huruma, na mimi naujua. Tangu utoto hujui kumnyima kitu."

"Mama, haki ya nani tena, sijamwekea hata chembe!"

 Mama alichukua kopo la sukari, akalipeleka chumbani kwake, tukasikia ufunguo unazungushwa.

Mke wangu alikuja chumba cha cherehani akakaa kitandani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe unaniamini?"

"Nakuamini," nikasema, na ule ulikuwa ukweli mtupu. Wala sikushuku boksi. Wewe msomaji umeshashuku, najua, umekaa hapo unanicheka. Lakini wewe hukuvaa ile kofia ya karatasi.

Baadaye mzee akaniita nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

"Mwanangu, mambo yameharibika. Daktari kasema nikirudi sukari ikiwa bado juu, ananianzishia sindano. Kila siku! Tumboni!"

"Lakini baba, wewe si fundi? Umeshika sindano maisha yako yote."

"Mimi nilikuwa nachoma vitambaa, mwanangu. Umewahi kusikia kitambaa kinapiga kelele?"

Uso wake ulikuwa umesawijika kweli. Mzee huyu akichomwa kidoleni kutolewa tone la damu huwa anamshika mke wake kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Nikamwonea huruma.

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Nimefikiri. Vidonge vya daktari vikishindwa, yeye hufanya nini?"

"Huongeza dozi."

"Ehee! Basi na wewe niongezee. Boksi moja asubuhi, na jingine kabla hamjafunga zamu ya vifungua kinywa. Kutwa mara mbili."

Nami, kichwa maji, nikaona mzee ana hoja.

Basi ikawa mchezo wa ajabu. Nyumbani mke wangu, kwa kuogopa lawama, akapunguza mkate. Halafu akapunguza yai. Mzee akawa anaondoka mezani na nusu yai tumboni, anakuja kwangu mbio. Kadiri binti alivyokaza huku, ndivyo baba alivyolegeza kule. Ukimwona mzee anatembea kwa kasi barabarani ungesema huyu anakwenda mashindanoni, na majirani walianza kumpigia makofi.

Ukweli niliupata kwa bahati mbaya, kama ninavyopata kila kitu.

Asubuhi hiyo mtindi uliisha. Tabasamu akanituma stoo kufungua ndoo mpya. Siku zote mimi nilikuta mtindi uko kwenye vikombe tayari, sikuwahi kuiona ndoo yake. Naigeuza nitafute pa kufungulia, macho yakaangukia kwenye lebo. Maziwa. Chini ya maziwa, sukari. Chini ya sukari, sukari nyingine yenye jina refu.

Nikasimama hapo na ile ndoo kifuani. 

Nikavuta dumu la asali. Limeandikwa sharubati yenye ladha ya asali. Nikachukua mfuko wa mkate wa kahawia. Ukahawia wenyewe ni wa rangi, unga ni ule ule mweupe wa siku zote.

Mpishi wa kikaangoni, jamaa mnene mcheshi tuliyemwita Kikaango, akanikuta nasoma chupa ya juisi kwenye mwanga wa mlango.

"Ndugu yangu, unatafuta nini humo?"

"Kikaango, hivi kati ya haya maboksi, lipi la afya?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jekundu linakuziba mishipa polepole. La kijani linakupandisha sukari haraka. Mteja anachagua wodi tu."

"Usinitanie! Kwa hiyo hakuna cha afya hapa?"

"Kipo. Sisi tunakula nini kabla ya kufungua mlango?"

Nikafikiri. Mayai ya kuchemsha, ndizi, kipande cha mkate, chai. Katika wiki zote zile sikuwahi kuona mfanyakazi hata mmoja akifungua boksi la kijani. Nami pia sikuwahi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mtindi wenyewe si mbaya," Kikaango akaendelea. "Mtindi mtupu, na tunda zima ulitafune kwa meno yako, hapo sawa. Lakini huu wetu ni peremende ya kunywa kwa kijiko. Mtu mzima mwenye mwili wake akila mara moja moja hafi. Ila mgonjwa wa sukari, muombee kwa Mungu."

Nikakaa juu ya ndoo. 

"Vipi? Una mgonjwa?"

"Nina baba mkwe," nikasema.

Mzee alipokuja kuchukua dozi yake, sikumngoja afike kaunta. Nikatoka nje, nikamvuta pembeni.

"Baba, samahani sana. Lile boksi usile tena. Lina sukari."

"Uliniambia lina utamu wa asili."

"Huo utamu wa asili ndiyo sukari yenyewe, baba!"

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Sikujua, baba. Nilikuwa sijui."

"Basi na sasa hujui," mzee akasema, akanipita, akaenda zake kaunta, akahudumiwa na mwenzangu mwenye meno mazuri.

Nikamfuata mezani. Nikamwambia habari za ndoo. Nikamwambia habari za dumu. Nikapandisha sauti bila kukusudia. "Baba, ni sukari! Sukari tupu!"

Mgahawa mzima ukageuka. Mama mmoja aliyekuwa anamlisha mwanawe kikombe cha mtindi akasimamisha kijiko hewani. Mlangoni kwa jikoni alisimama Tabasamu, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Niliosha masufuria yale mpaka kucha zikalainika. Mzee wangu akamaliza boksi lake kwa amani.

Jioni nilimkuta barazani, nikachuchumaa karibu yake.

"Baba, niruhusu nimwambie mama. Mke wangu anaumia bure. Analaumiwa yeye."

 Niliona maneno yamemwingia, maana binti yake anampenda. Alichezea kifungo cha koti muda mrefu.

"Mwanangu, nimeishi na yule mwanamke tangu sharubu hizi zikiwa nyeusi. Sijawahi kumdanganya kwa lolote. Nikimwambia leo kwamba yale mazoezi aliyokuwa ananisifia yalikuwa boksi, atanitazamaje?"

"Atakasirika, halafu atakusamehe."

"Humjui. Hatakasirika. Atasikitika. Hasira zake naziweza." Akanigusa bega. "Niachie. Kesho ni kipimo, na kesho sili kitu. Sukari itashuka yenyewe, mambo yataisha kimya kimya. Na uliapa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nalo hilo mdomoni, nikalimeza. Nani anamtolea baba mkwe methali?

Asubuhi mama mkwe alitoa amri. Daktari anataka kuwaona wote wanaoishi na mgonjwa, kwa hiyo hakuna kwenda kazini. Mke wangu alivaa kimya. Mimi nikavaa shati lililokuwa na harufu ya mafuta ya masufuria, maana jingine sina.

Mzee hakuwepo.

"Amekwenda kunyoosha miguu," mama akasema. "Hata leo! Huyo ndiye mume wangu."

 Nikasimama dirishani. Baada ya kitambo nikamwona anakuja, mwendo wa pole, anapangusa sharubu kwa kitambaa.

Nikamdaka getini. "Baba! Umekula?"

"Chakula sijagusa."

"Baba, boksi!"

"Nimekuambia chakula sijagusa. Dawa si chakula." Naye hakuwa anatania. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake, "Nusu tu. Mtindi sikuumaliza."

Kabla sijajibu mama alikuwa nyuma yetu na mkoba wake.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, tumebanana kwenye benchi, magoti yanagusa meza. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, mwenye miwani. Nesi akamchoma mzee kidoleni, mzee akafumba macho na kumshika mama. Tone la damu likawekwa kwenye kimashine cha kupimia sukari, tukasubiri.

Daktari akakitazama. Akakigeuza, akakitazama tena.

"Mzee, leo asubuhi umekula chochote?"

"Chakula sijagusa, daktari."

"Hakika?"

"Amekataa hata maji," mama akadakia. "Mimi mwenyewe ni muuguzi, najua kipimo cha asubuhi."

Daktari akashusha pumzi. "Basi hali si nzuri. Sukari kuwa juu hivi kabla ya kula, maana yake vidonge vimeshindwa. Nyumbani mnampikia nini?"

 Mama mkwe alimgeukia binti yake tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

"Yai," mke wangu akasema. "Sasa nampa nusu. Mkate kidogo. Chai kavu. Daktari, mimi sijui tena nimpe nini, kilichobaki ni kumpa maji."

"Muongo," mama akasema taratibu. "Binti yangu nimekuzaa mwenyewe, nimekulea, na leo unamuua baba yako kwa huruma. Kuanzia sasa jiko langu hutaligusa. Mkirudi, kusanyeni vitu vyenu."

Hapo mke wangu alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya daktari, ameshika kitambaa cha kichwa chake mwenyewe. Nikamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamkanyaga mguu. Hakuinua uso.

Daktari alikuwa ameshaandika, anamwelekeza nesi. "Tunaanza sindano leo leo. Dozi hii si ndogo, kwa sababu sukari iko juu hata kabla ya kula. Mama, ukiwa nyumbani uwe macho, ikishuka kupita kiasi mtu anazimia, na anaweza asiamke."

Nesi akachomeka sindano kwenye kichupa, akaanza kuvuta dawa.

Nikafanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya. Sukari iliyopimwa ni ya boksi. Boksi likitoka mwilini, na mzee akarudi kwenye nusu yai, sindano ile itashusha nini? Itamshusha mwenyewe.

"Daktari, ngoja!" Nilisimama nikagonga goti kwenye meza. "Amekula."



"Amekula asubuhi hii. Anakula kila siku. Mara mbili. Pale ninapofanya kazi, boksi la kijani, mtindi na mkate wa asali na juisi. Mimi ndiye niliyempa mara ya kwanza, nikamwambia ni kama dawa. Yana sukari, daktari, yamejaa sukari! Mke wangu hana kosa. Kosa ni langu."

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Nilihisi mwepesi, nikajiona mwanamume kwa mara ya kwanza tangu siku ya godoro.

Mama mkwe akageuka polepole. Hakunitazama mimi. "Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo. "Ni kweli? Yale mazoezi?"

Mzee alimtazama mkewe. Mimi niliona kabisa anataka kusema. Mdomo ulifunguka. Kisha akaona yale macho ya mama, hayana hasira hata kidogo.

"Boksi gani?" akasema. "Mimi simwelewi kijana huyu."

"Baba!"

"Mzee," daktari akaingilia, "mgonjwa ni wewe. Niambie wewe. Umekula au hukula?"

"Sijala."

Mke wangu akainuka, machozi bado yako mashavuni. Alinishika mkono, akanitazama kwa upendo mwingi hata nikataka ardhi ipasuke.

"Mume wangu, najua unafanya hivi kunitetea. Asante. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi. Lakini usimsingizie baba yangu. Baba yangu hajawahi kusema uongo."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Yatosha. Umenitetea, nimeona."

Mzee akafungua vifungo vya koti. Kimoja kikamshinda, akakivuta mpaka uzi ukakatika. Akapandisha shati, tumbo laini la mzee likatokea. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Nichome, nesi," akasema. "Mimi niko tayari."

"Jamani, hapana!" Nikamdaka nesi mkono, sindano ikabaki hewani kati yetu.

"Niachie!" nesi akapiga kelele. "Daktari, huyu mtu ana nini?"

"Mwachie nesi!" mama mkwe akasimama.

Sikumwachia. Nikamwita mke wangu, nikamwita kwa jina la utani ninalomwitaga tukiwa wawili tu. Akaja. Nikajua sasa ameelewa, sasa anakuja upande wangu.

Akanipita. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika mabega yasitikisike, akaweka shavu lake kwenye sharubu zake.

"Fumba macho, baba, mimi nipo," akamwambia. Kisha akamgeukia nesi. "Tumia mkono mwingine. Mchome."

Nesi akahamishia sindano mkono wake wa pili.